Tupeane uzoefu: kazi ya saiti iliyobomolewa ikarudiwa, chanzo kilikuwa nini?

Mwanzisha mada: Nimesikia nyundo ya umeme ikitoboa slabu mpya ili bomba la maji taka lipite. Kwenye ramani ya mabomba lilikuwepo, kwenye ya nondo halikuwepo. Aliyeshuhudia ya kwake aseme.

Nondo16: Umegusa kidonda. Yetu ilikuwa nguzo ya chini. Mchoro ulibadilishwa, ringi (vyuma vyembamba vinavyozungushiwa nondo) zikatakiwa kukaribiana zaidi, nakala mpya ikalala ofisini. Vijana wakasuka kwa karatasi ya zamani, haina hata tarehe. Gari la zege likafika jioni, kila mtu anakimbizwa. Tulipofungua boksi la mbao lililoshika zege, chini kokoto tupu, nondo zinachungulia, vibreta, mashine ya kushindilia zege, haikufika kule. Mkaguzi akaja na mchoro mpya, akahesabu ringi, akasema vunjeni. Mbao za slabu ya juu zilikuwa zimeanza kupangwa, zikashushwa zote. Kuvunja zege bila kuharibu nondo za msingi ni mateso, jamani.

Mama Saiti: Kweli kabisa. Karatasi mpya ikifika, ya zamani ichukuliwe papo hapo.

Mchoraji: Mafundi hamsomi ramani, ndiyo shida.

Nondo16: Nisome ambayo sijapewa?

Mchoraji: Ungeuliza. Ringi zikiwa mbali hivyo fundi mzoefu anashtuka.

Mama Saiti: Kaka, ukiuliza unaambiwa unachelewesha kazi. Acha hilo.

Vigae: Kwetu ni levo. Walisahau unene wa saruji ya kusawazisha pamoja na vigae, milango yote ikagoma kufunguka.

Bomba Moja: Mabomba yapimwe presha KABLA ya plasta. Umeme nao utangulie.

Kapteni: Bila sahihi ya mkaguzi usimwage zege. Hata iweje.

Bomba Moja: Ukisubiri sahihi kwa kila kitu hujengi. Simamisha kwa vinavyofunikwa tu: msingi, nondo, mabomba.

Kapteni: Hapo ndipo uzembe unapoanzia.

Mwanafunzi: Nondo16, michemraba ya zege ya kupima nguvu, ile ya siku 7, ilisemaje?

Nondo16: Ilifaulu, na ya siku 28 pia. Mchemraba unapima zege lililochanganywa, hauoni lilivyoshindiliwa ndani ya boksi.

Vigae: Na gharama alibeba nani?

Nondo16: Mshauri anasema mkandarasi, mkandarasi anasema mshauri. Sisi tulioivunja bado tunadai.