Akika Lamu mwezi wa Desemba: naombeni ushauri

Kutoka: Mama wa Mkomani, Leicester

Assalaam alaykum ndugu zangu,

Kijana wangu alizaliwa huku mwezi wa tatu, na mimi na babake tumenuia kumchinjia akika yake nyumbani kwa mamangu, mtaa wa Mkomani, tukija Desemba. Tutakaa siku kumi tu. Nimeandika orodha ya watu 80, nikawatumia ujumbe wa simu kuwauliza nani atakuja. Hadi leo waliojibu ni 11. Mama nikimpigia anasema "itakuwa, in shaa Allah", kisha anauliza mtoto ameota meno mangapi. Sijui nipike cha watu wangapi. Nani amewahi kuandaa shughuli ya nyumbani akiwa mbali?

Kutoka: Ami wa Gadeni, Bremen

Wa alaykumu salaam. Mtoto wa kiume ni mbuzi wawili, hilo walijua. Ila usinunue mbuzi kwa picha. Mimi niliwahi kutuma pesa kwa picha ya beberu mnene, na walioteremka chomboni walikuwa wamewapita paka wa Lamu kwa kidogo tu. Mtume mjomba wako avuke hadi Mokowe, upande wa bara, akawashike mgongo kwa mkono wake, ndipo utume pesa.

Kutoka: Shangazi wa Langoni, Toronto

Mwanangu, hongera kwa kijana, Mungu amkuze.

Hizo jumbe za simu ziwache. Kwetu mtu haulizwi kama atakuja, hualikwa. Mama atafute mwanamke anayezijua nyumba, apite mlango kwa mlango siku tatu au nne kabla, apige hodi, akae kidogo, aseme "mumealikwa kwa fulani". Asipopita yeye, kuna watakaosema hawakualikwa hata kama simu yako waliisoma. Na ujue kwamba ukialika nyumba umealika nyumba: bibi, wajukuu, na mgeni wa Faza aliyelala kwao jana.

Kwa hiyo usihesabu watu, hesabu sinia. Hao 80 wako mimi nawafanya 150. Sinia moja watu wanne au watano, basi tayarisha kama 35. Kilo ya mchele mimi huihesabia watu saba au wanane, yaani kilo 20 za mchele, na nyama kilo kwa kilo. Mbuzi wawili wazuri watakaribia hapo, lakini mkitaka pia kugawa nyama mbichi kwa majirani na maskini, ongezeni ya kununua. Kachumbari, ndizi, pilipili ya kukaanga, hayo yatajipanga.

Pilau ya watu wengi usimwachie mama na dada zako jikoni. Kuna wapishi wa kazi hiyo, wanakuja na sufuria zao na miko, wanataka kuni na mahali. Hapo ndipo Mkomani inapokuwa taabu, maana kiwanda cha nyumba, yaani ua wa ndani, ni kidogo na kichochoro hakipishani punda wawili. Kuni na mchele vipandishwe kwa punda siku moja kabla, si asubuhi ya shughuli. Maji nayo mjaze madumu tangu jana yake, msitegemee mfereji. Wanaume wakae nyumba ya jirani na barazani, wanawake juu kwa mama. Maulidi yakisomwa baada ya alasiri, chakula kiwe tayari kimeshuka motoni, kwa sababu watu wakishaitikia dua hawataki hotuba.

Na hilo la "itakuwa". Mamako amepika arusi nne za watoto wake. Akisema itakuwa, ameshasema na jirani na mpishi. Mpe tarehe, mpe pesa, kisha mtoto wako mbebe.

Kutoka: Wa Shela, Dubai

Naongeza mawili. Tarehe itazameni pamoja na maji. Wageni wa Malindi na Mombasa watashukia Mokowe, na siku za bamvua maji yakipwa mashua hukaa chini kabisa ya gati, ngazi zina mwani. Bibi wa miaka 70 humpandishi hapo bila vijana wawili. La pili, usijaze sanduku mifuko ya plastiki ya kufungia watu zawadi na visheti. Imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017. Chukua ya karatasi, au waambie wanawake wa nyumbani wasuke vikapu vidogo vya ukindu, vitapendeza zaidi.

Kutoka: Mama wa Mkomani, Leicester

Shangazi, nimecheka peke yangu ndani ya basi. Jana nimempigia mama usiku, huku saa tatu, kwao saa sita, nikamkuta macho. Tarehe keshaipanga. Ni Alhamisi, maji yanajaa mchana, amemuuliza nahodha. Mpishi keshamwambia tangu mwezi wa tisa, na nyumba ya jirani keshaiomba. Orodha yangu nilipomsomea aliniuliza mbona sikumwandika muuza kahawa.

Ameniagiza sufuria moja ya kupikia uji wa mtoto, ya chuma kizito, na kilo zangu za mzigo wa ndege zimekwisha. Ami, hupitii Uingereza kabla ya Desemba?