Nimesahau pini ya simu na kidole kimekataliwa, picha zangu zinapona?

mlalahoi_wa_saba
Wakuu habari za muda huu. Jana usiku nilibadili pini ya simu nikalala, alfajiri simu ikajisasisha yenyewe ikazima ikawaka, sasa inataka pini na kichwani hamna kitu. Kidole hakikubali, inasema imewaka upya kwa hiyo ni pini tu. Nimejaribu zote ninazozijua, kila nikikosea inaniambia nisubiri na muda wa kusubiri unazidi kurefuka. Ni Android, sio ya zamani sana. Ndani kuna picha za mwanangu toka anazaliwa, kuna chati za WhatsApp za kazi, yaani maisha yote yamo humo. Nimeona video jamaa anaingia sehemu ya simu ya dharura anajaza manamba marefu hadi kufuli linaachia, kwangu haifanyi kitu. Kuna namna ya kutoa pini tu bila kufuta vitu? Msaada tafadhali, sio kejeli.

kobe_mzee
Hiyo umeokota wapi mkuu 😂

mlalahoi_wa_saba
Nilijua tu atakuja mmoja. Boksi ninalo na risiti ninayo ndugu yangu.

dada_chaji
Kabla watu hawajakupeleka mbali, hebu tuhakikishe ni pini ipi. Kama ni ya laini unaona inataja SIM kadi, na hiyo ukikosea mara 3 inadai PUK, yaani namba ya kufungulia laini, hiyo unaipata kwa kampuni ya laini yako, ila PUK yenyewe ukikosea mara 10 laini ndo imekufa unaenda kurinyuu. Hapo huhitaji kufomati chochote. Kuna watu wamefuta simu nzima kwa ajili ya pini ya laini, nimeshuhudia.

mlalahoi_wa_saba
Ni ya simu dada, ya laini sijawahi hata kuiweka.

fundi_mpole
Pole mkuu. Nakupa jibu baya kwanza: kutoa pini na kuacha vitu ndani, kwa Android nyingi za sasa, haiwezekani. Na sio kwamba mafundi hawajui. Simu za sasa zinahifadhi data ikiwa imefumbwa, yaani imevurugwa isisomeke bila ufunguo, na ufunguo wa kuifumbua unatengenezwa kwa kuchanganya pini yako na siri iliyoko ndani ya chipu ya simu hiyohiyo. Pini haipo, ufunguo haupo. Hata ukiing'oa memori ukaisoma pembeni unakutana na uchafu tu usio na maana. Toka Android 10 ufumbaji huu ni lazima kwa simu zote mpya, sio hiari tena.

Ile video usiihangaikie. Mwaka 2015 kweli kulikuwa na mwanya kwenye Android 5, mtu anajaza maandishi marefu kupita kiasi kwenye sehemu ya nywila hadi skrini ya kufuli inazidiwa na kuanguka, ulizibwa mwaka huohuo. Na lile chaguo la "umesahau pateni" ambapo unaweka akaunti ya Google inafunguka liliishia Android 4.4. Video bado zipo kwa sababu zinaleta watazamaji. Programu za kompyuta zinazodai kufungua bila kufuta nazo hivyohivyo, unalipa halafu kwenye hatua ya mwisho inakwambia data itafutika, kazi ambayo ungeifanya mwenyewe bure kwa vitufe viwili.

Kwa hiyo swali lako sio naifunguaje, swali ni nini tayari kipo nje ya simu. Na hapa ndo watu wanaharibu, wanakimbilia kuriseti, yaani kuifuta simu yote, halafu wanaanza kuuliza. Usiguse kitu kwanza. Chukua simu nyingine au kompyuta, ingia kwenye akaunti yako ya Google ileile iliyokuwa kwenye simu, fungua Google Photos uone picha zimefika tarehe ngapi. Ambazo hazikupanda kabla simu haijazima, hazitapanda tena, maana tangu imewaka haijafunguliwa hata mara moja na yenyewe haiwezi kuzisoma.

Ukishindwa kuingia kwenye hiyo akaunti, ACHA KABISA kuriseti. Tangu Android 5.1 kuna ulinzi, ukiifuta simu kwa vitufe au kwa mbali, ikiwaka inadai akaunti ya Google iliyokuwemo. Huna, basi una tofali. Sasa hivi angalau una tofali lenye picha ndani.

mlalahoi_wa_saba
Asante fundi, umenivunja moyo ila umenielewesha. Tatizo sasa, naingia Google kwenye simu ya wife nywila inakubali halafu inasema gusa Ndiyo kwenye simu yako, simu yenyewe ndo hiyo iliyofungwa 😭😭

dada_chaji
Usiendelee kugusa hapo, chini yake kuna sehemu ya kujaribu njia nyingine. Ukiona ya kutuma kodi, yaani namba za kuthibitisha, kwa meseji, chomoa laini kwenye simu iliyofungwa weka kwenye ya wife, kodi itaingia humo. Laini haina uhusiano na pini ya simu ndo maana inafanya kazi. Kuna wale pia waliowahi kuchapisha kodi za akiba za Google wakaweka kwenye droo, kama ni wewe basi leo ndo siku yake.

fundi_mpole
Naongezea kwa dada, ikitokea umelazimika kubadili nywila ya Google, usiriseti papo hapo. Google wenyewe wanasema subiri masaa 24 ndo ufute simu. Watu wanaona wameweka nywila mpya sahihi kabisa simu inawakatalia, wanadhani ni mbovu.

nyuki_dume
Samahani kudandia uzi wa watu. Mimi ni iPhone, imeandika haipatikani halafu inahesabu muda. Nayo ni hivyohivyo?

fundi_mpole
Kwa data ni hivyohivyo. Kwa njia iPhone imerahisishwa kidogo, kuanzia toleo la mfumo wake la iOS 15.2 ukikosea mara nyingi pale chini inakupa chaguo la kufuta simu palepale, mradi ina mtandao na unajua nywila ya akaunti ya Apple. Toleo la zamani au mtandao hauna ni kompyuta na kebo, unaiingiza kwenye hali ya rikavari, ile ya kuirudisha simu ikigoma, halafu unachagua Restore, usichague Update maana hiyo haitoi kufuli. Programu ikichukua zaidi ya dakika 15 kushuka, simu inatoka yenyewe kwenye rikavari, usipaniki, acha imalize kushuka urudie.

Ila kabla ya yote, umebadili pini lini? iOS 17 kwenda juu, ndani ya masaa 72 tangu ubadili, ukibonyeza umesahau pini inakuruhusu kutumia ile ya zamani kuweka mpya, na hakuna kinachofutika.

nyuki_dume
Juzi jioni!! ngoja

nyuki_dume
Imefunguka mkuu, picha zote zipo. Mungu akuweke.

mlalahoi_wa_saba
Yaani msiba wangu umeponya mwingine haya bwana. Mrejesho: kodi imekuja kwenye simu ya wife nimeingia. Google Photos zipo toka mtoto anazaliwa hadi mwezi uliopita, hapo katikati nadhani nafasi ilijaa ikaacha kupandisha. WhatsApp bekapu ni ya wiki iliyopita. Namba za watu zote zipo. Nimeamua kuifuta. Naifutia kwa mbali au kwa vitufe?

fundi_mpole
Yote sawa. Ya mbali unaingia sehemu ya Google ya kutafuta simu iliyopotea, unaichagua, unafuta, ila lazima iwe imewaka na ina intaneti. Ya vitufe: izime, shikilia kitufe cha kuwashia pamoja na cha sauti, kuna zinazotaka sauti juu na kuna zinazotaka sauti chini, na Samsung nyingi za karibuni hazikubali mpaka uwe umechomeka kebo kwenye kompyuta. Ikija picha ya roboti amelala chali na maandishi "No command", haijafa, shikilia cha kuwashia kisha gusa sauti juu mara moja, menyu inatokea. Kioo hapo hakiguswi, unashuka kwa sauti chini hadi mstari wa "Wipe data/factory reset", unakubali kwa kitufe cha kuwashia, unathibitisha, ikimaliza unachagua kuwasha upya.

Na hujasema, ina memori kadi?

mlalahoi_wa_saba
Ndio ipo, ya GB 64, ila sikumbuki kama kamera ilikuwa inahifadhi huko.

fundi_mpole
Ichomoe SASA HIVI kabla ya kugusa kitufe chochote. Iweke kwenye kompyuta uangalie folda ya DCIM, ndiko kamera inakoweka picha. Kama uliitumia kama kadi ya kawaida inasomeka popote, pini ya simu haiihusu. Kama siku ile ya kuichomeka ulikubali iunganishwe na memori ya ndani, au uliifumba, hapo itasomeka kwenye simu hiyo tu, na ukiriseti imeenda na maji.

mlalahoi_wa_saba
Natafuta pini ya kutolea trei... nikimaanisha sindano jamani, sio pini ile 😂

mlalahoi_wa_saba
Inasomeka! DCIM ipo, picha na video za mwezi huu wote zimo, inaelekea nafasi ya ndani ilipojaa kamera ndo ikahamia huku. Nazikopi kwenye kompyuta saa hizi. Zikiisha naifuta kwa vitufe. Kobe_mzee njoo uone risiti.

kobe_mzee
Nimekubali mkuu. Ukimaliza kukopi fungua video mbili tatu uone kama zinacheza, ndo ufute.