Moto haukutoa kijani: hii si turmalini?

mwamba_mgumu:
Wakuu, nina mawe mawili yananisumbua. La kwanza ni jeusi, refu kiasi cha kidole, limetoka kwenye pegmataiti (mwamba wa chembe kubwa) yenye kwatzi na ulanga. La pili ni angavu, halina rangi, linakwaruza kioo. Unga wa lile jeusi niliuweka motoni kwa waya wa platini, sikuona kijani. Ndiyo kusema halina boroni, kwa hiyo si turmalini? Na hili angavu, nikilipima uzito nitaweza kulitenga na kwatzi na topazi?

fuwele:
Hapana, jaribio lako halijathibitisha chochote. Boroni ya turmalini imefungwa ndani ya silikati (kiunzi cha silikoni na oksijeni), moto mtupu hauitoi. Changanya unga laini wa jiwe na kiyeyushi: sehemu 3 za potasiamu baisalfeti kwa sehemu 1 ya floraiti (madini ya kalsiamu floridi). Floridi huibeba boroni kama gesi ya boroni trifloridi, na gesi hiyo ndiyo inayoupa moto kijani. Rangi hupita mara moja tu mchanganyiko unapoanza kuyeyuka. Ukipepesa macho imekupita. Fanyia kwenye kabati la kufyonza moshi, kwa sababu huweza kutoka mvuke wa asidi ya haidrofloriki, na huo si wa mchezo. Tena shaba na bariamu nazo hutoa kijani.

lenzi10:
Mimi ningeanza na umbo kabla ya kuwasha moto. Tazama ncha ya fuwele kwa lenzi ya mara 10. Turmalini ikikatwa kwa upana ni pembetatu yenye pande zilizovimba, na ubavuni ina mifereji myembamba inayofuata urefu. Ikivunjika huvunjika ovyo kama kioo. Honiblendi, madini meusi ambayo ndiyo huchanganywa nayo sana, hupasuka kwa nyuso mbili safi zinazokutana kwa nyuzi kama 56 na 124. Zungushia taa utaziona zikimeta.

Ukipima ugumu tumia felspari, yenye 6 kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs (1 hadi 10). Turmalini (7 hadi 7.5) itaikwaruza, honiblendi (5 hadi 6) kwa kawaida haitaweza. Ila futa mstari kwa kidole kilicholowa: ukifutika, ulikuwa unga tu wa jiwe laini. Uzito usiutegemee hapa, honiblendi na turmalini nyeusi zinaingiliana.

mwamba_mgumu:
Shukrani. Na hili angavu?

fuwele:
Hapo mizani inasaidia. Pima hewani, kisha likiwa limening'inia majini kwa uzi mwembamba; uzito wa hewani ugawe kwa tofauti ya vipimo viwili. Mfano gramu 12.40 na 8.27: tofauti ni 4.13, jibu 3.00, yaani jiwe ni zito mara 3 kuliko maji ya ujazo huohuo. Kwatzi ni 2.65, topazi karibu 3.5, danburaiti (madini mengine yenye boroni) 3.00. Tone la sabuni kwenye maji huondoa viputo. Kiputo kikibaki, jibu linashuka.

lenzi10:
Angalizo: turmalini isiyo na rangi ni kama 3.05, mizani ya kawaida inaweza kuichanganya na danburaiti. Kama lina uso uliong'arishwa, lipeleke kwenye refraktomita, kifaa kinachopima jinsi jiwe linavyopinda mwanga. Danburaiti husoma 1.630 na 1.636, pengo 0.006 tu, la turmalini ni karibu 0.02. Na kukwaruza kioo kusikupe uhakika, kwani hata datolaiti, nayo ya boroni (ugumu 5 hadi 5.5), inaweza kuacha alama kwenye kioo laini. Hiyo utaijua upesi: unga wake katika asidi ya haidrokloriki hugeuka kama uji mzito, na motoni hutoa kijani bila kiyeyushi.