Haidrojeni ya kijani Mombasa: maji yatatoka wapi?

Jamani, tuliongee hili kabla hatujaletewa likiwa limeshapikwa. Septemba 2023, Nairobi, serikali ilizindua mkakati wa haidrojeni ya kijani: maji yapasuliwe kwa umeme wa jua, upepo au mvuke wa ardhini, haidrojeni itakayotoka itengenezewe amonia ya mbolea. Bandari ni hii yetu, basi macho yote yatageukia huku. Mimi hapa Majengo maji huletewa kwa mkokoteni. Mji wa namna hii una maji ya kupasua?

Fundi, Changamwe: Kaka, maji si hoja. Mtungi wako wa lita 20, ukiwa safi, una haidrojeni kilo 2 na kitu. Hiyo yatosha kama kilo 12 za amonia. Na chemchemi ya Mzima inayotuletea maji Mombasa haiguswi, bahari si hiyo? Itabidi chumvi itolewe kwanza, maana ukiyapasua na chumvi yake utapata klorini, na mitambo italika. Lakini kuyasafisha ya mtungi mmoja hakufiki hata robo yuniti ya stima. Kuyapasua sasa! Zaidi ya yuniti 100.

Mama Likoni: Nyie wanaume wa hesabu, chumvi mliyoitoa mwaipeleka wapi? Yale maji mazito yakimwagwa horini, penye mikoko, kaa na kamba wataishi vipi? Kwetu tunakula kwa hao. Bomba liende mbali, kwenye mkondo wa bahari kuu, na liwekwe kwenye mkataba kabla ya tofali la kwanza.

Mwanzisha mada: Mama, hilo sikulifikiria kabisa. Na fundi, yuniti 100! Chumba changu hakizimalizi kwa miezi miwili. Basi maji nayaacha, nauliza stima. Jioni taa zikififia mtaani, kiwanda kitazimwa kwanza au tutazimwa sisi?

Fundi, Changamwe: Ndiyo maana nasema kisijengwe huku. Kiende Olkaria, kule Naivasha kwenye mitambo ya stima ya mvuke wa ardhini. Usiku watu wamelala, stima haina mnunuzi, mvuke mwingine huachiwa tu hewani. Mbolea ikitengenezwa huko, sisi bandarini tutashusha shehena ndogo tu ya mbolea ya kigeni, basi.

Mwanzisha mada: Na kuli anayebeba hiyo mifuko umemuuliza? Halafu huko Olkaria maji ni ya Ziwa Naivasha, nalo lina wavuvi wake. Kuna mtu wa Naivasha humu?