China bila Kichina: mkalimani, simu au mwenyeji?

Mpambanaji_Kkoo: Wakuu, mwezi ujao naenda China mara ya kwanza kufuata mzigo. Kichina sijui hata neno, Kiingereza changu ni cha kuombea maji. Nikodi mkalimani, nitegemee programu ya simu, au nimfuate jamaa anayejiita mwenyeji? Naomba uzoefu.

Kontena40ft: China kubwa mkuu. Mji gani? Mzigo gani? Siku ngapi? Mtu wa vigae Foshan na mtu wa vipuri vya simu Shenzhen hawana shida moja.

Dada_Vitenge: Simu inatosha. Ila Google kule imefungwa, weka Baidu, programu ya Kichina ya kutafsiri, mapema. Bei mnaandikiana kwenye kalkuleta. Na Guangzhou, pale Xiaobei, Waafrika tele, hulali njaa.

Mzee_wa_Yiwu: Mkalimani? Subiri nikusimulie. 2018 nilikodi kijana pale Yiwu, Kiswahili kimenyooka utadhani kazaliwa Magomeni. Kila duka anaongea dakika kumi, mimi natafsiriwa maneno matatu: "Bei ya mwisho, kaka." Siku ya nne kaenda chooni, nikarudi peke yangu duka la mikoba tulilolipa asubuhi. Nikaonyesha mkoba uleule, nikasogeza kalkuleta. Mama akaandika 17. Asubuhi nimelipa yuan 23! Nikafuta, nikampa tena. 17. Mikoba 600, zidisha mwenyewe hicho cha juu. Na posho ya siku nilikuwa nampa.

Kontena40ft: Mzee, uliokota mkalimani mtaani. Wangu nina naye miaka mitano, mzigo mbovu anaukataa kabla yangu. Simu itabishana na mtu wa kiwanda? Mimi niliandika nataka "ngozi halisi", muuzaji akanielekeza duka la vipodozi.

Dada_Vitenge: 😂😂 Hapo kosa la nani, simu au wewe?

Msomi_Wuhan: Jifunzeni vidole. Mchina anahesabu mpaka kumi kwa mkono mmoja: gumba na kidole cha mwisho ni 6, gumba na shahada ni 8. Nimeshuhudia Mbongo anaonyeshwa nane, yeye anatoa yuan mbili. Halafu kununua ni "mai", kuuza pia "mai", sauti tu inapanda au kushuka. Bora uandike.

Mzee_wa_Yiwu: Wewe mwanafunzi, mzigo umeshafunga lini?

Msomi_Wuhan: Sijafunga mzigo, ila sijapigwa pia mzee wangu.

Kontena40ft: Mleta uzi kaingia mitini. Na malipo je? Kule kila kitu ni kuskani, weka Alipay na uunganishe kadi yako ungali Dar.

Mpambanaji_Kkoo: Nipo wakuu, nilikuwa dukani. Ni viatu vya kike, Guangzhou, siku 9. Na huyo mwenyeji ni shemeji yangu.

Dada_Vitenge: Shemeji?! Ungeanza na hilo.

Mzee_wa_Yiwu: Atakula cha juu halafu Idi mnakaa sinia moja.

Kontena40ft: Shemeji wa upande gani kwanza?

Mama_Tandika: Dada_Vitenge, vitenge vyako unatoa jumla? Nimekuja PM.