Naomba ushauri: picha ya meli iliyogeuzwa mgahawa, nitajuaje ni ya miaka gani?

Wakuu, habari za leo? Naomba msaada kwa wanaozijua meli za zamani.

Naandika historia fupi ya TS Queen Mary (TS ni "turbine steamer", yaani meli ya mvuke), iliyoundwa Dumbarton, Scotland, mwaka 1933 kwa ajili ya abiria wa matembezi kwenye mto Clyde. (Si ile Queen Mary kubwa ya kampuni ya Cunard iliyoko Long Beach, Marekani. Hiyo ndiyo iliyosababisha hii ndogo iongezewe "II" kwenye jina mwaka 1935.) Ilistaafu 1977, na kuanzia 1988 hadi 2009 ikawa mgahawa unaoelea kwenye mto Thames, London.

Nimekwama kwenye picha moja isiyo na tarehe. Meli imepigwa picha kutoka ubavuni, ina dohani (mabomba ya moshi) mbili, na jina pale omo (mbele ya meli) limefifia kabisa. Mwanzoni nilifurahi: mwaka 1957 ilipoacha makaa ikaanza kutumia mafuta, dohani mbili zilibadilishwa ikabaki moja. Nikaandika "kabla ya 1957". Kumbe ilipofanywa mgahawa ilirudishiwa dohani mbili! Nimeikuza picha hadi ikawa chenga tupu. Moshi sioni, ila hata meli iliyofungwa gatini ikisubiri abiria inaweza isitoe moshi.

Sasa, ukiacha dohani, niangalie nini kwenye sitaha, madirisha au mashua za kuokolea ili nijue kama bado ilikuwa inasafiri? Na chini ya picha niandike jina la awali, au lile iliyokuwa nalo wakati huo?

Natanguliza shukrani.