Mgonjwa wa sonona aanzie wapi: kwenye kombe au kwenye vidonge?

Mwanzisha mada, Langoni, Lamu

Assalaam alaykum jamaa. Naleta jambo ambalo kwetu Lamu hunong'onwa tu, nami nataka tulizungumze kwa sauti. Mtu akipatwa na sonona, ile huzuni isiyoondoka, inayomnyima usingizi na chakula na hamu ya kila kitu, aanzie wapi? Kwa mwalimu wa kombe, yule aandikaye aya kwa zafarani zikayeyushwa zikanywewa, kwa muuza dawa za miti, au hospitali?

Nauliza kwa sababu ya mdogo wangu. Ni mshonaji kofia, zile za vito, na mkono wake wajulikana. Mwaka juzi wakati wa kusi alianza kuamka saa nane za usiku na kukaa dakani, pale kwenye ukumbi wa mlangoni, mpaka alfajiri. Hakulia, hakugombana na mtu. Akapunguza maneno, kisha chakula, kisha kuoga. Mama akasema ni kijicho, kwa kuwa alikuwa amepata oda kubwa ya kofia za Maulidi. Tukaenda kwa mwalimu. Nakumbuka sahani nyeupe, maandishi ya zafarani yakiyeyuka kwenye marashi, na yeye akinywa kwa utiifu kama mtoto. Tukamfukiza ubani, tukampaka mafuta ya habasoda, tukampeleka akapigwa chuku mgongoni. Kila tiba ilimpa afueni ya siku mbili tatu, tukasema alhamdulillahi, kisha akarudi palepale dakani.

Miezi saba ikapita hivyo. Siku moja nikifagia chumba chake niliikuta kofia aliyokuwa akiishona. Sindano ilikuwa bado imo kwenye kitambaa pale alipoiacha, imeshika kutu kwa hewa ya chumvi, na kutu imeacha doa jekundu kwenye bafta nyeupe. Nilikaa kitandani mwake nikalia, kwa kuwa doa lile lilinionyesha ni muda gani tumempotezea.

Hospitali alipewa vidonge na miadi ya kuzungumza na mshauri. Wiki ya kwanza hapakuwa na kitu, ya pili hapakuwa na kitu, mama akataka tumrudishe kwa mwalimu. Wiki ya tano, asubuhi, aliomba chai. Leo anashona.

Kombe silikatai, nami ni Mwislamu. Ninalopinga ni kombe kufanywa foleni ambayo mgonjwa lazima aimalize ndipo amwone daktari. Mtu aende hospitali mapema, na dua na dawa za nyumbani ziende pamoja nayo. Asiyekubali na anijibu.

Mwalimu wa chuo, Mkomani

Wa alaykum salaam. Mwanangu, pole kwa mtihani wa nduguyo. Mimi ni mmoja wa hao wanaoandika kombe, basi nitanena ya kwangu.

Watu huja kwangu kwa sababu nina nafasi ya kuwasikiliza. Mtu huketi barazani baada ya alasiri akanihadithia mambo yake mpaka adhana ya magharibi. Waliokwenda kwingine hunieleza: foleni tangu asubuhi, maswali matatu, karatasi ya dawa, mwingine aingie. Moyo uliojaa hautuliwi na maswali matatu.

Wala dini yetu haikulipuuza jambo hili. Bibi Aisha, Mungu amridhie, alikuwa akiamrisha talbina, uji wa shayiri, kwa mgonjwa na kwa aliyefiwa, na amepokea kutoka kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba uji huo hutuliza moyo wa mgonjwa na kuondoa baadhi ya huzuni. Imo kwa Bukhari. Na wanazuoni wetu hawakusema kila huzuni ni jini. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliitenga huzuni yenye sababu ijulikanayo, kama kufiwa, na ile isiyo na sababu inayoonekana, akasema hii ya pili chanzo chake kimo mwilini na itibiwe kwa mwili pia. Haya yaliandikwa zaidi ya miaka elfu iliyopita.

Hofu yangu ni kwamba mtu akianzia hospitali atafungwa kwenye vidonge umri wake wote, na swala yake na jamaa zake vionekane havina kazi.

Kijana, Malindi

Naunga mkono maalim, na naongeza. Mwaka 2022 watafiti wa London wakiongozwa na Joanna Moncrieff walizipitia tafiti za miaka mingi wakasema hakuna ushahidi thabiti kwamba sonona husababishwa na upungufu wa serotonini kwenye ubongo. Miaka yote tuliambiwa kemikali imepungua, kidonge kinairudisha. Kama haikupungua, kidonge kinajaza nini? Bora jua, mazoezi, asali na habasoda. Vya asili havidhuru.

Mwanzisha mada, Langoni

Ndugu wa Malindi, umegusa pale hasa panaponiuma, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu.

Utafiti huo naukubali. Tuanze na hadithi ya upungufu ilikotoka. Miaka ya 1950 huko Marekani wagonjwa wa kifua kikuu walipewa dawa iitwayo iproniazidi, na wodini wakaonekana wengine wamechangamka kupita kiasi cha nafuu ya mapafu yao. Wakati huohuo kulikuwa na dawa ya presha, reserpini, na baadhi ya walioinywa waliripotiwa kuingia kwenye huzuni nzito. Ya kwanza huzuia kemikali za ubongo zisivunjwevunjwe, ya pili huzimaliza kwenye maghala yake. Watu wakaunganisha. Mwaka 1965 Joseph Schildkraut akaandika juu ya noradrenalini, mojawapo ya kemikali hizo, mwaka 1967 Alec Coppen juu ya serotonini. Ilikuwa dhana ya watu makini waliokuwa wakitafuta. Kidonge cha sonona kiitwacho fluoksetini kilipoidhinishwa Marekani mwishoni mwa 1987, wauzaji wakaichukua dhana wakaifanya tangazo: umepungukiwa, meza hii. Hapo ndipo watu walipokosewa, na hasira yako naielewa.

Lakini madaktari wenyewe waliona mapema kwamba hesabu haitimii. Kidonge kikimezwa, huzuia serotonini isirudishwe ndani ya neva katika muda wa saa chache tu. Nafuu huja baada ya wiki mbili, nne, hata sita. Kama ingekuwa ni kujaza mtungi uliopungua maji, mdogo wangu angeomba chai siku ile ile. Kuna kazi nyingine inayoendelea polepole: neva kuchipua viungo vipya baina yao, sehemu ya kumbukumbu iitwayo hipokampasi kupata nguvu, kortisoli, homoni ya dhiki, kushuka. Bado wanaitafiti.

Sasa, kutojua vizuri dawa inafanyaje kazi hakumaanishi haifanyi kazi. Gome la msinkona lilitibu homa tangu karne ya 17, na kimelea cha malaria hakikuonekana kwa darubini mpaka daktari Mfaransa Laveran alipokiona mwaka 1880. Kuhusu vidonge vya sonona, mwaka 2018 Andrea Cipriani na wenzake walikusanya majaribio 522 yenye watu 116,477 na dawa 21. Zote 21 zilishinda kidonge kitupu kisicho na dawa. Hazikushinda kwa mbali sana, na wengine hazikuwafaa kabisa. Lakini zilishinda.

Na ile reserpini niliyoitaja inatoka kwenye mzizi wa mti wa India. Ni ya asili kabisa. Usimwambie mtu mgonjwa kwamba vya asili havidhuru.

Mvuvi, Kizingitini

Mimi sikusoma hayo. Nasema kijana akikaa ndani, moyo wafa. Mtoeni alfajiri avute nyavu, ale samaki, jua limpige. Tena mugoka, ile miraa ya majani, hamkuutaja. Kijana atafuna usiku kucha, halali siku tatu, akianguka moyo mwasema ana jini.

Mwanzisha mada, Langoni

Ami, la mugoka na usingizi ni kweli tupu, ningeanza nalo mimi. Na la kuutumikisha mwili lina ushahidi. Mwaka 1999 Chuo Kikuu cha Duke kiliwagawa watu 156 wenye sonona, wa miaka 50 na zaidi: wengine mazoezi mara tatu kwa wiki, wengine kidonge cha sonona kiitwacho sertralini, wengine vyote viwili. Baada ya wiki 16 makundi yote matatu yalikuwa yamepata nafuu kwa kiwango kinachokaribiana. Ila hao waliweza kufika kwenye mazoezi. Mdogo wangu nilimshika mkono tukatembea mpaka mtaa wa pili, akaketi chini njiani, punda wakatupita. Nguvu ya kwenda baharini ndiyo iliyokuwa imeondoka.

Mama wa watoto watatu, Shela

Mwajadili kana kwamba mgonjwa ndiye anayechagua. Kwetu wanaochagua ni watu wa nyumba, na wanachotazama ni posa. Ikijulikana binti mmoja alipelekwa kwa daktari wa akili, dada zake wataulizwa. Kombe halina aibu, kila mtu hunywa. Ndiyo maana tunaanza nalo, tusidanganyane.

Mimi nilipojifungua wa tatu sikukosa kitu. Nilikandwa kwa maji ya moto, nikafungwa tumbo, nikapewa supu ya pweza, nyumba yanuka udi. Siku ya ishirini ya arubaini nikamtazama mtoto nikaona kama wa mtu mwingine. Nikajilaumu, nikanyamaza. Mkandaji wangu, mtu mzima asiyejua kusoma, ndiye aliyegundua. Alikuwa ananikanda mabega, akasimamisha mikono yake, akaniuliza: "Mwanangu, huwa watamani kutokuwepo?" Nikasema ndiyo. Alipotoka hapo alimwambia mume wangu nipelekwe hospitali siku hiyo hiyo, naye akarudi kesho yake kuendelea kunikanda. Mimi nadai maisha yangu kwa wote wawili, yeye na daktari.

Muuguzi, Malindi

Dada wa Shela, ahsante kwa kusema. Swali la mkandaji wako ndilo hasa tunalofundishwa kuuliza, na kumwuliza mtu hakumwingizii wazo hilo kichwani. Huwa anashusha pumzi kwamba hatimaye ameulizwa. Wengine walikuwa wakiogopa hata kukiri, kwa sababu Kifungu cha 226 cha Kanuni za Adhabu za Kenya kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Semeni, mtasikilizwa kama wagonjwa.

Maalim, kwa heshima yote, sonona si moja. Iliyo nyepesi, mtu bado ala, bado aenda kazini japo kwa kujivuta, huyo anaweza kuanza bila kidonge: mazungumzo, usingizi wa saa zilezile, kutembea, kuacha mugoka. Asiyelala, asiyekula, anayezungumzia mauti au anayesikia sauti, huyo asingoje. Na yeyote ambaye huzuni imemkalia karibu kila siku kwa wiki mbili apimwe. Tukimpima huweza kuonekana ana upungufu wa damu au tezi ya shingo haifanyi kazi sawasawa, na hayo yana tiba yake mbali.

Kuna jambo moja la dawa za asili naliomba kwa msisitizo. Kuna mmea wa haiperikamu, Wazungu huuita St John's wort, vidonge vyake huagizwa hata kwa simu. Majaribio yaonyesha wasaidia sonona nyepesi na ya wastani. Lakini huharakisha ini kuzivunja dawa nyingine, basi dawa za virusi vya Ukimwi, vidonge vya uzazi wa mpango na dawa za kuzuia damu kuganda hupoteza nguvu. Ukichanganywa na vidonge vya sonona, serotonini huweza kupanda hadi kuhatarisha maisha: mwili watetemeka, joto lapanda. Habasoda na asali kwa kiasi cha chakula sijaona shida navyo, ila majaribio yake juu ya sonona ni machache na madogo. Chochote mnywacho, tuambieni. Hatutawagombeza.

Na hofu ya kufungwa kwenye vidonge: aliyepatwa mara ya kwanza kwa kawaida huendelea kwa miezi sita au zaidi baada ya kupona, kisha hupunguziwa kidogo kidogo. Asiache ghafla, atapata kizunguzungu na usingizi mbaya, aseme ugonjwa umerudi. Vijana tuwaangalie kwa karibu wiki za mwanzo.

Lako la kusikiliza, maalim, umetushinda. Harare, Zimbabwe, tangu mwaka 2006, Dakta Dixon Chibanda aliwafundisha kina bibi wa mitaani kuketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasaidia kutatua shida moja moja. Jaribio lao la watu 573, lililochapishwa 2016, lilionyesha kwamba baada ya miezi sita waliobaki na dalili za sonona upande wa benchi walikuwa kama asilimia 14, na upande wa huduma ya kawaida asilimia 50. Na kazi ya benchi ilikuwa mazungumzo, si kidonge. Baraza zetu za mawe ziko tayari, hazihitaji seremala.

Mwalimu wa chuo, Mkomani

Binti yangu wa Malindi, nimekusoma mara mbili. Kombe sitaacha kuandika, na anayenijia sitamrudisha mlangoni. Lakini nitauliza: walala? wala? watamani kutokuwepo? Nikijibiwa vibaya, kabla sijatia zafarani nitawaambia jamaa zake waende hospitali siku hiyo, na nikihitajika nitafuatana nao, ili wa mtaani waone ni maalim aliyekwenda. Pengine la posa litapungua uzito. Nanyi huko mkimaliza na mgonjwa, mwambieni swala yake na talbina yake aendelee navyo. Wengi hurudi kwangu wakidhani wamekatazwa.

Muuguzi, Malindi

Nitawaambia wenzangu, maalim. Hilo kosa tunalo.

Mwanzisha mada, Langoni

Maalim, hilo la kufuatana nao sikulitarajia, Mungu akuzidishie. Nimemsomea mdogo wangu maneno yako, yumo dakani na kazi yake mapajani. Amesikiliza mpaka mwisho, hakusema kitu. Kisha ameniambia nikuulize kipimo cha kichwa chako.